Uchambuzi wa kisa: mzee aliyeambiwa "viringisha mikono", na mi kocha wa gofu nikamuongezea tatizo

Hiki kisa nimekaa nacho muda kabla ya kukiandika maana sehemu yake kubwa ni kosa langu. Jina nimetoa, klabu nimetoa, na vitu vingine vidogo nimevibadilisha ili asitambulike, mwenyewe ameridhia. Nitamuita Mzee K. Maelezo yote ni ya mtu anayecheza kulia, kama wewe unacheza kushoto geuza tu.

Usuli

Mzee K ana miaka hamsini na kitu. Gofu kaanza ukubwani, baada ya kugundua kwamba kazini kwake maongezi ya maana yanafanyika Jumamosi uwanjani na sio Jumatatu ofisini. Hendikepu yake (namba ya kiwango cha mchezaji, ikiwa ndogo ndo bora) ilikuwa 22 na ilikuwa imeganda hapo. Hakuwahi kufundishwa na mtu, alijifunza kwa kuangalia wenzake, na fimbo alikuwa anaishika vilevile alivyoshika fyekeo shule ya bweni. Sifanyi utani, nilimuuliza akacheka akasema kocha umejuaje. Fyekeo unalikamata kwa kiganja, unabana, unashusha. Wengi wa rika lake mikono yao ilikomaa huko na ikifika kwenye gofu inafanya ilichozoea.

Kwa miaka alikuwa na slaisi, mpira unaanza vizuri halafu unakata kulia kama umeitwa na mtu. Rafiki yake mmoja, mchezaji mzuri tu, akamwambia tatizo hugeuzi mikono, ukifika kwenye mpira viringisha, mkono wa kulia upande juu ya wa kushoto. Mzee akaichukua kama dawa. Miezi kadhaa akawa anaviringisha, sebuleni, reinji (kiwanja cha mazoezi), hata akiwa anasubiri lifti. Na mwanzoni ilifanya kazi! Hapo ndo ubaya wa huu ushauri, unafanya kazi wiki mbili, unauamini, halafu unakugeuka.

Alipokuja kwangu alikuwa na malalamiko matatu. Draiva (fimbo ndefu ya kupigia mbali) sasa inaenda pande zote mbili, huki kali kushoto, halafu inayofuata moja kwa moja kulia. Vipira vidogo vya kuzunguka grini (nyasi fupi penye shimo) ameshindwa kabisa. Na kiwiko cha kushoto kinauma upande wa nje, hata kushika kikombe cha chai asubuhi ni shida.

Siku ya kwanza

Kabla hajapiga hata mpira mmoja nilimuomba glavu yake. Hii ni tabia niliyoichukua kwa makocha wa zamani, glavu inasema ukweli kuliko mwenye mkono. Yake ilikuwa na tobo pale kwenye nyama nene ya kiganja, chini ya kidole cha mwisho. Tobo la pale mara nyingi maana yake fimbo imelala kiganjani badala ya kwenye vidole na inasugua kila anapopiga.

Nikamwambia ashike aini 7 (fimbo ya masafa ya kati) kama kawaida yake. Kidole gumba cha kushoto kimenyooka katikati ya kishikio, akitazama chini anaona kifundo kimoja tu cha vidole vya mkono wa kushoto, na ile V inayotokea kati ya gumba na kidole cha shahada inaelekea kidevuni, tena upande wa kushoto wa kidevu. Hiyo tunaita gripu dhaifu, yaani mshiko dhaifu. Majina ya dhaifu na kali yanapotosha watu sana kwa sababu hayahusu kubana, yanahusu mkono umekaa upande gani wa kishikio. Mzee K alikuwa na gripu dhaifu huku anabana mpaka mishipa ya vigasha imesimama.

Mipira 10 ya aini 7: minne kushoto, mitatu kulia, mitatu ndo ilikwenda karibu na alikolenga. Na hiyo mitatu sikuona tofauti yoyote kati yake na ile mibaya, yaani ilikuwa bahati.

Hapa niweke maelezo kidogo maana bila haya hutaelewa kilichofuata. Mpira unaanza safari kwa sehemu kubwa kufuata uso wa fimbo (ile sehemu bapa inayogonga mpira) ulikotazama wakati wa kugusa, halafu unapinda kutokana na tofauti kati ya uso na njia ambayo fimbo inapita. Uso ukiwa wazi kuliko njia (umetazama kulia zaidi) unakata kulia, ukiwa umefunga kuliko njia (umetazama kushoto zaidi) unakata kushoto. Mguso wenyewe unachukua kama nusu ya sehemu ya elfu moja ya sekunde. Na kushuka kote kutoka juu mpaka kwenye mpira ni robo sekunde hivi. Sasa mwambie mtu wa miaka hamsini na kitu ageuze mikono kwa makusudi ndani ya hiyo robo sekunde, na apatie kila mara. Uso ukikosea nyuzi moja tu, kwa yadi 200 mpira umeshahama yadi 3 na nusu, hapo bado haujapinda. Ukikosea nyuzi 5 ni zaidi ya yadi 17 na mpira uko kwa mtu wa fewei ya pili, yaani njia ya shimo la jirani.

Kuhusu kiwiko nilimwambia mi sio daktari, nenda ukaonwe. Alienda, akaambiwa ni kile kinachoitwa kiwiko cha tenisi. Alichukia kidogo, hajawahi kushika raketi maishani. Kiwiko cha gofu kipo, kinauma upande wa ndani, ila wachezaji wengi wa kawaida wa gofu wanapata hiki cha nje, mkono wa mbele (wa kushoto kwa anayecheza kulia), na kubana fimbo kwa nguvu ni mojawapo ya vinavyochangia. Akapewa mazoezi na akaambiwa apunguze idadi ya mipira.

Uamuzi wangu wa kwanza, na kwa nini niliufanya

Nilibadilisha gripu siku hiyohiyo.

Sababu yangu ilikuwa na mantiki kabisa. Simama wima, acha mkono wa kushoto uning'inie bila kuubana. Angalia kiganja kinatazama wapi, kwa watu wengi hakitazami mbele wala nyuma, kinatazama paja, na mgongo wa mkono umeelekea nje na mbele kidogo. Huo ndo mkao ambao mkono unapenda. Fimbo ikizunguka kwa kasi inavuta mikono iwe mirefu na iliyolegea, na mkono uliovutwa unarudi kwenye mkao wake. Kwa hiyo ukiulazimisha kwenye kishikio ukae tofauti na unavyoning'inia, ukifika chini utajirudisha wenyewe na utaondoka na uso wa fimbo. Ukiwa na gripu dhaifu, uso unafunguka. Slaisi yake ya miaka yote ilitoka hapo.

Nikamhamisha: fimbo ipite kwenye vidole, kuanzia shina la kidole cha mwisho mpaka kifundo cha kati cha kidole cha shahada, ile nyama ya kiganja ikae juu ya kishikio. Aone vifundo viwili na nusu. V ielekee bega la kulia. Mkono wa kulia ufunike gumba la kushoto. Kuhusu kufunga vidole sikumbadilisha, alikuwa anatumia ya Harry Vardon, bingwa wa zamani, kidole cha mwisho cha kulia kimepanda juu ya mkono wa kushoto, na vidole vyake ni virefu, inamfaa. Wenye vidole vifupi wanavisokota pamoja kama mabingwa Jack Nicklaus na Tiger Woods, ni mambo ya mwili wako tu.

Kilichotokea, kwa wenye uzoefu mshajua. Gripu mpya inafunga uso yenyewe, na mzee bado anaviringisha kama alivyojifundisha miezi yote ile. Dawa mbili za ugonjwa mmoja. Mipira ikawa inatoka chini chini inapinda kushoto vibaya sana, maana uso ukifunga hivyo unapoteza na mwinuko pia, draiva ya nyuzi 10 na nusu inapiga kama ya 5. Mi nikasema ni kuzoea tu mzee, vumilia.

Jumamosi kulikuwa na shindano la klabu. Nilijua. Sikumzuia. Alipoteza mipira 6 kwenye mashimo 9, yote kushoto, wenzake wakawa wanamtania ametoka kufundishwa. Shimo la 10 akarudisha gripu ya zamani. Jumatatu akanipigia, kwa heshima zake zote, akasema kocha mi nadhani hii kitu haiendani na mwili wangu.

Alichoona kedi

Kedi wake alikuwa amembebea mkoba zaidi ya miaka mitatu. Kijana mkimya. Tulikuwa reinji sote watatu, mzee anapiga nusu nusu kwa ajili ya kiwiko, mi nimekodoa macho pale chini fimbo inapokutana na mpira, simu imewekwa slou moshen kulekule chini. Kedi akasema, tena kama anaongea peke yake, "Bosi huwa anafungua mlango mwanzoni ndo maana anaubamiza mwishoni."

Nikarudisha video mwanzo kabisa. Fimbo ikiwa imefika usawa wa kiuno, imelala sambamba na ardhi, uso wake ulikuwa unatazama mbinguni. Kabisa. Yaani kabla hajafika popote, vigasha vyote viwili vilikuwa vimeshaviringishwa kulia kwa mikono tu, mwili haujaanza kugeuka. Pale ilitakiwa ukingo wa chini wa fimbo uwe umeinama kiasi mgongo wake ulivyoinama, sio kusimama wima na sio kulala chali. Kuanzia hapo chochote anachofanya ni kutafuta namna ya kuurudisha. Alipokuwa harudishi, slaisi. Alipoambiwa aviringishe akawa anarudisha, siku nyingine kidogo, siku nyingine kupita kiasi. Rafiki yake alikuwa ameona kweli kwamba mikono haigeuki chini. Hakuona kwamba imeshageuka mno juu.

Mi mwenyewe sikuona. Vipindi viwili vizima nimesimama mita mbili kutoka pale.

Tulivyoanza upya

Tulikubaliana mambo: hakuna mashindano wiki sita, hakuna draiva, mipira isizidi 40 kwa siku, na neno kuviringisha halitajwi. Na mpangilio nikaupindua, kwanza mlango usifunguliwe, halafu ndo gripu.

Zoezi kuu lilikuwa nusu swingi (nusu mzungusho wa fimbo), ile ambayo ukisoma vitabu vya Wazungu wanaiita tisa mpaka tatu kwa mishale ya saa. Kwetu inaleta vurugu maana mshale ukiwa kwenye 9 sisi ni saa tatu, na ukiwa kwenye 3 ni saa tisa. Nikamwambia mzee we ni mfanyakazi wa serikali, anza saa tatu asubuhi, toka saa tisa alasiri. Hakuisahau tena. Mikono inafika saa tatu, anasimama, anageuza kichwa anaangalia uso wa fimbo, kama unatazama juu anaanza upya bila kupiga. Hisia niliyompa ni kwamba uso uendelee kuutazama mpira muda mrefu zaidi ya anavyopenda, na kifua ndo kiondoe fimbo. Wiki ya kwanza alisema anahisi kama ameifunga fimbo imegeukia chini, nikamuonyesha kwenye simu kumbe iko sawasawa. Hisia na picha haviendani kabisa ukibadilisha kitu cha zamani, hilo lazima umwambie mtu mapema la sivyo atakuona mwongo.

Baada ya siku kumi hivi, wedji (fimbo ya karibu) na aini 9 zikawa zinatoka chini kidogo, kulia kidogo, lakini kila mara kulia. Nilifurahi kuliko yeye. Kosa la upande mmoja lina dawa. Hapo sasa nikarudisha gripu ileile niliyokuwa nimempa mwanzo, ila kwa awamu: kifundo kimoja na nusu wiki moja, viwili inayofuata, viwili na nusu mwisho.

Kwa kifundo cha mkono tulitumia rula ya shule, ile ya sentimita 30, unaichomeka chini ya mkanda wa glavu nyuma ya mkono ipande kuelekea kigashani. Ukikibonyeza kifundo kwa nyuma kama kikombe rula inakuchoma, unajua umefungua uso. Angalizo: mwenye gripu kali (mkono wa kushoto umegeukia kulia kwenye kishikio) kikombe kidogo akiwa juu ni kawaida, usimlazimishe mtu rula ilale bapa kabisa, utamfungia uso upya. Mzee K alikuwa ameona video za Dustin Johnson, mchezaji wa kulipwa, yule kifundo chake cha kushoto kinatokeza nje kama upinde akiwa juu, akataka naye. Nikamwambia Johnson alishinda mashindano makubwa, Masters 2020 na US Open 2016 na kifundo kile, na ana mwili unaogeuka kama mlango wa benki, we kiuno chako kinagoma kuingia kwenye gari. Akanielewa.

Kubana nako kulichukua muda. Nikampa kipimo cha moja hadi kumi, akasema yuko 5, nikajaribu kuchomoa fimbo mkononi nikamvuta na yeye mzima. Tukakubaliana 4 yake ni ile ambayo naweza kuizungusha fimbo kidogo kwa kidole. Vinavyoshika ni vidole vitatu vya mwisho vya kushoto na viwili vya kati vya kulia. Gumba na shahada la kulia vinakaa tu, kwa sababu hivyo vikibana kigasha chote cha kulia kinakuwa gogo, na gogo halizunguki, linasukuma.

Na pale chini kwenye mpira? Hakuna nilichomfundisha pale. Vigasha vinazunguka bado, tena sana, ukimtazama kwenye video mkono wa kulia unapanda juu ya wa kushoto baada ya mpira kuondoka kama rafiki yake alivyotaka. Tofauti ni kwamba vinazungushwa na uzito wa fimbo na mwili unaogeuka, yeye haviamrishi.

Matokeo

Mwezi wa tatu tangu tuanze upya tulirudia mipira 10 ya aini 7. Saba karibu na shabaha, mitatu kulia, kushoto hakuna. Hendikepu imeshuka hadi 19, sio muujiza. Kiwiko kilitulia ila sitachukua sifa hapo, alikuwa anafanya mazoezi aliyopewa hospitali na alikuwa anapiga mipira michache.

Hasara nayo ilikuwepo. Gripu mpya ilimuulia bunka (mashimo ya mchanga). Kule unataka uso uwe wazi ili fimbo iteleze mchangani, na gripu inayopenda kufunga uso inachimba. Ikabidi ajifunze kurudisha mkono kwenye udhaifu kidogo akiingia mchangani tu, kwanza anafungua uso halafu ndo anashika, sio anashika halafu anapinda mikono. Na akichoka, shimo la 15 kuendelea, mlango unafunguka tena na draiva inaenda kulia.

Nini kilifanya kazi, nini kilikwama

Gripu niliyompa ilikuwa sahihi siku ya kwanza na ilikuwa sahihi wiki ya nne. Ilichoharibu ni kuiweka juu ya mzunguko wa makusudi ambao sikuuondoa. Ukikutana na mtu mwenye huki na slaisi kwa pamoja, karibu kila mara ana makosa mawili yanayofidiana, ukitengeneza moja tu unamuacha uchi. Nilipaswa kuuliza "nani alikwambia ufanye nini" kabla ya kugusa mkono wake, na sikuuliza, hadithi ya sebuleni na lifti nimeisikia wiki ya tatu tena kwa bahati.

Halafu macho yangu yalikuwa sehemu mbaya. Makocha tunapenda kutazama pale fimbo inapogonga kwa sababu ndo penye sauti. Kisa kilikuwa kimeshaisha usawa wa kiuno.

Shindano: kumbadilisha mtu gripu siku nne kabla ya kushindana mbele ya wenzake ni uzembe wangu, sina utetezi. Hasara yake haikuwa pointi, ilikuwa imani, na nusu ya wiki sita zile nilizitumia kuirudisha.

Ushauri wa rafiki sitaki niuponde. Yupo mtu anayeshika vizuri, anarudisha fimbo vizuri, ila anaogopa kushoto anakakamaza vigasha chini, huyo ukimwambia aachie mikono igeuke anapona siku hiyohiyo. Kila ushauri wa mikono ulikuwa dawa ya mtu fulani. Ben Hogan, bingwa wa zamani, miaka yake ya mwanzo aliteswa na huki, akaudhoofisha mkono wa kushoto, mwaka 1953 akabeba Masters, US Open na ile ya Uingereza. Watu wenye slaisi wakaiga gripu ya mtu aliyekuwa anapigana na huki, na mpaka leo unawakuta reinji na gumba limenyooka katikati ya kishikio wakikwambia ndo mkao wa Hogan.

Kedi nilimpa haki yake. Siku hizi mwanafunzi mpya akija naye kedi wake, namuuliza kedi kwanza, pembeni, na nasikiliza maneno anayotumia yeye bila kumsahihisha.

Wiki iliyopita nilimuomba Mzee K glavu tena. Tobo la kiganjani hakuna. Imeanza kuchakaa kwenye gumba, na hiyo mara nyingi ni gumba limenyooshwa refu mno au mkono unalegea ukifika juu. Bado sijajua ni kipi kati ya hivyo viwili, Alhamisi tunaangalia, tutaanzia mwanzo wa video.